Nyimbo Nane za Yaya Filomena

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye studio ya kurekodi nyimbo, sikuruhusiwa kugusa mashine yoyote. Fundi Mkuu, Mbelgiji mwenye shingo nyekundu, alinipa kipande cha ngozi laini akaniambia kwa Kifaransa kwamba adui wetu ni vumbi. Hapo hakukosea. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakati wa kiangazi vumbi lilikuwa linaingia hata ndani ya sanduku lililofungwa kwa ufunguo. Ukanda wa kurekodia, sisi tuliuita bande, ukishika vumbi sauti inakwaruza. Nilikuwa nimetoka kwenye karakana ya kutengeneza gramafoni, nikajiona nimefika. Lo, ujinga wa ujana!

Ninyi munabonyeza simu munasema mumerekodi. Sisi tulikuwa na mikrofoni moja. Wanamuziki tuliwapanga kwa hatua: mpiga ngoma ukutani kabisa, klarineti pembeni, mwimbaji mbele. Mmoja akikosea mwishoni, wote wanarudi mwanzo. Miaka miwili nilipangusa tu, ndipo nikakabidhiwa mashine. Bande zilitoka Ulaya, zilikuwa haba. Mwimbaji akikataliwa, tulifuta bande yake kwa sumaku na kuitumia tena. Bande iliyofutwa tuliiita bande safi. Shikeni neno hilo, maana ndilo lililoniua.

Yaya Filomena alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli, mshonaji, akikaa mtaa wa Kenya, humo humo mjini kwetu. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu alinipita umri. Jazz aliifundishwa na santuri zilizopanda treni kutoka kusini, akaiimba kwa Kiswahili chetu, neno likichelewa kidogo nyuma ya ngoma, kwa makusudi. Shingoni alikuwa na uvimbe. Munganga wa hospitali alimwambia utakatwa, na sauti pengine haitarudi.

Direkta, mkubwa wa wote pale, alikubali tumrekodi kabla ya kisu: nyimbo nane, sahani nne za santuri ndani ya kasha moja, na kasha hilo ndilo liliitwa albamu. Ilikuwa ya kwanza kwake, na wote tulijua ni ya mwisho.

"Mudogo wangu," aliniambia siku ya tatu, tulipomaliza, "nikiamuka bila sauti, ile albamu njo itakuwa kinywa yangu. Batoto bangu basikie kama mama yabo alikuwa muntu."

"Itatoka muzuri, yaya," nikamjibu. Kesho yake akaingia hospitali.

Wiki hiyo Fundi Mkuu alikuwa anajifunza Kiswahili katika kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya kuamuru wapishi. Futa meza. Futa viatu. Akasimama mlangoni, kofia kichwani, mguu mmoja nje.

"Wewe! Futa bandes yote ya ile mwanamuke. Kesho asubui mimi nataka safi."

Nikasema basi, wamemkataa. Nikajikaza nikauliza, "Bwana, zote?"

"Zote! Unasikia Kiswahili ao hausikii?"

Nilisikia, tena kuliko yeye. Na wakati ule hukumuuliza Mzungu mara mbili. Nikachukua sumaku. Bande nne, moja baada ya nyingine, nikizungusha taratibu kama nilivyofundishwa, ili lisibaki hata tone la sauti. Kazi nzuri, jamani! Katika maisha yangu sikuwahi kufuta vizuri hivyo.

Asubuhi Fundi Mkuu akaweka bande ya kwanza asikilize kabla ya kuipeleka kwenye ndege, iende Ulaya kutolewa sahani. Ssss. Akaweka ya pili. Ssss. Akanigeukia amekuwa mweupe mara mbili.

"Nilisema futa!" Akashika ile ngozi yangu ya vumbi, akaisugua hewani. "Futa! Vumbi! Namna hii!"

"Bwana, hiyo ni kupangusa."

Akakaa chini. Nilidhani atanipiga, heri angenipiga. Baadaye akaniambia kwa Kifaransa, polepole, kwamba tutasema Ulaya wamemkataa, na nikifungua kinywa tutafukuzwa wote wawili. Direkta aliamini. Mimi nilikuwa na mke na watoto wawili. Nikakubali.

Yaya Filomena alirudi na kitambaa shingoni, anasema kwa mnong'ono kama upepo chini ya mlango. Fundi Mkuu alimpa uongo wake na kuingia ofisini. Yaya akanifuata mimi.

"Mudogo, weye ulikuwa pale. Iliharibikia wapi? Sauti yangu ilikuwa mubaya?"

"Sijue, yaya."

"Ukweli?"

"Sijue."

Akaitikia kwa kichwa. "Kumbe nilikuwa najidanganya," akasema, akaenda zake. Hakuimba tena hata kanisani, na akazikwa akiamini kwamba hakuwa kitu. Mimi niliyafanya hayo, si kijitabu cha wapishi.

Niliomba kuhamishwa. Wakanipeleka stoo ya vipuri vya redio, nikahesabu taa za redio mpaka nywele zikawa nyeupe, nikastaafu. Watu husema mzee amepumzika. Nimepumzika nini?

Juzi alikuja binti wa Yaya Filomena, aliyekuwa angali akibebwa mgongoni wakati ule. Mara hii nilisema yote, sumaku, futa, sijue yangu. Nilitaka anitukane. Alilia kidogo, akapangusa uso.

"Baba, weye unabakia peke yako mwenye alimusikia. Niimbieko moja tu. Hata kipande."

Nikafungua kinywa. Jamani, hakuna! Wakati wa kurekodi, macho yangu yalikuwa kwenye mshale unaopima sauti, usivuke alama nyekundu. Naweza kuwaambia katika wimbo wa tatu mshale uliruka mara ngapi. Wimbo wenyewe sikuusikiliza. Nilijua nitausikia kwenye sahani.

Mtoto wa watu amekaa, mikono juu ya magoti, anatazama kinywa changu.

"Polepole, baba," akaniambia. "Sina haraka."