Tanuri la Melchior na Mvua ya Kimironko

Mume wangu Melchior alikuwa mfyatua matofali bondeni, chini ya mlima wa Kimironko, na mwaka 1992 majirani nusura watuzimie tanuri kwa ujinga. Ndiyo, ujinga. Mimi Générose nimesema, na nikiulizwa nitarudia.

Mwaka huo Septemba, mwezi ambao kwetu mvua huanza, iliisha bila tone. Maharage yakafia ardhini. Kwa watu wa pale mlimani, mvua isipokuja lazima yupo aliyeifunga, na nani mwenye sababu ya kuifunga kama si mtu anayeanika matofali juani? Wakamwita umuvubyi, yaani mwenye mvua mkononi. Mwanzoni tulicheka.

Kicheko kiliisha asubuhi waliposhuka watu kama thelathini, na majembe na ndoo za maji. Tanuri lilikuwa siku ya pili ya moto, matofali elfu kumi na mbili ndani, jasho letu la miezi mitatu. Tofali la moto ukilimwagia maji linapasuka. Mbele yao alikuwa Pudentienne, mjane mwenye shamba juu yetu.

"Zima, Melchior. Moshi wako unafukuza mawingu. Wajukuu wangu watakula nini?"

"Huna haya!" nikafoka. "Jana si ulichota makaa hapa hapa?"

"Nyamaza, mke wangu," Melchior akasema. Nikanyamaza, lakini koleo nililokuwa nimeshika sikuliachia.

Akaenda kwenye sufuria yangu ya maharage iliyokuwa inachemka, akafunua kifuniko, akawaonyesha matone upande wa chini. "Haya maji yamepanda yakiwa mvuke, yakakuta kifuniko hakina joto kama chini, yakarudi kuwa maji. Huko juu ni vivyo hivyo. Tofali langu likikauka, maji yake hayapotei, yanapanda. Mimi nayapeleka juu, siyafungi!"

"Mbona hayarudi?" mtu akauliza.

"Upepo mkavu ulikuwa unayabeba mbali. Tangu jana umegeuka. Générose, lete chumvi."

Nikaleta. Ilikuwa imelowa chapachapa, na hakuna aliyeimwagia maji. Akawaonyesha na ukungu: siku zote ulikuwa unaishia bondeni jua likichomoza, leo umepanda mlima na kuwa mawingu. "Hewa imeshiba maji," akasema. "Mvua inanyesha leo. Isiponyesha kabla jua halijazama, zimeni wenyewe."

Mungu wangu! Nilitaka kumpiga na lile koleo. Mvua isipokuja, tanuri limekwisha. Ikija, matofali mabichi yaliyopangwa nje, zaidi ya elfu tano, yatarudi kuwa tope. Mume wangu alikuwa ametuweka pabaya huku na huku.

Wakakaa nyasini na ndoo zao. Saa nane, hakuna kitu. Saa tisa mawingu yakaachana, jua likatuchoma, na Pudentienne akasimama, akashika ndoo yake. Akapiga hatua tatu, ukaja upepo wa baridi uliopeperusha majivu. Mlima wa Kimironko ukawa mweusi. Kisha tone moja, mawili, halafu ikamwagika.

Wakatupa ndoo, wakapanda mlima mbio kwa vigelegele. Hakuna hata mmoja aliyebaki kutushikia jani la mgomba la kufunikia matofali. Sisi wawili peke yetu tuliziba midomo ya tanuri kwa mabati, tanuri likapona. Yale mabichi yaliyeyuka tukiyatazama, na nililia kwa sauti.

Kesho yake Pudentienne akaja na kikapu cha mtama. Nikajua amekuja kuomba msamaha. Akapiga magoti, akamkabidhi Melchior kwa mikono miwili, bila kumtazama usoni.

"Baba, asante kwa kutufungulia. Ijumaa utuongezee kidogo."

Melchior akaanza upya habari ya sufuria na kifuniko. Yule mama akawa anaitikia tu: "Ndiyo, baba. Ndiyo, baba."

Alipoondoka, mume wangu alibaki na kikapu mapajani. Jua likizidi tena, watu wote wa mlima ule sasa walijua pa kuja, na wasingekuja na ndoo tu. Mtama ule sikuupika. Niliingia ndani nikaanza kufunga virago.