Gari Jekundu la Harusi ya Dada Neema

Enzi zetu pale Sakina, Arusha, gari tulilijua kwa sikio kabla ya jicho. Uko uani unamenya ndizi, unasikia mngurumo barabara ya Nairobi, unasema, "Hilo lori la bia," na kweli linapita lori la bia. Siku hizi kijana anakwambia gari fulani linafika mia kwa sekunde tatu. Ukimuuliza kama amewahi hata kulisikia, anakuonyesha simu.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sabuni za kuchagua zilisharudi madukani, na jirani yetu muuza vito, Mangi Elia, akaingiza gari la mbio. Jekundu, limelala chini kama paka anayewinda, injini nyuma, pale ambapo sisi wengine tunaweka viazi. Likiwashwa, vikombe vya Mama vinagongana kabatini. Tuliacha mpira wa makaratasi golini bila kipa, tukakimbilia uzioni kunusa moshi wake.

Baba hakuwa na habari nalo. Yeye alikuwa na Landrova ya kubebea mahindi, ndiyo iliyotulisha. "Mwendo wote huo wa kazi gani?" alisema. "Barabara ya kuumalizia iko wapi hapa Arusha?"

Dada Neema alipochumbiwa na Shemeji Godlisten, dereva wa malori, alitaka kitu kimoja tu: atoke kanisani na mumewe ndani ya lile jekundu. Baba akapendekeza gari jeupe la Kijapani la baba mdogo, linakula mafuta kidogo na halijawahi kuzima. Dada akalia. Mama akaenda kwa Mangi, akapatana naye kama anavyopatana na wauza vitunguu: anaondoka, anaitwa, anarudi. Mangi akatoa masharti: maua yafungwe kwa utepe, yasibandikwe. Usukani ashike Mangi mwenyewe. Walipatana kila kitu, ila viti hakuna aliyevihesabu.

Siku yenyewe tukatoka kanisani, matarumbeta yanalia juu ya pikapu. Mangi akafungua mlango. Viti viwili: chake, na kingine.

Godlisten akasimama na ua lake kifuani. Shangazi, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, akauliza, "Kwani Neema ameolewa na Mangi?"

Watu wakacheka. Dada hakucheka. Shela lilikuwa limeanza kutikisika, nasi tukajua machozi yako njiani.

Ndipo Baba akasogea. "Mangi, mwachie kijana usukani."

"Mzee wangu, huyu ni mtu wa malori. Mguu wake mzito."

Baba akatoa ufunguo wa Landrova, akauweka kiganjani mwa Mangi. "Likirudi na mkwaruzo, baki na hii."

Mama alishika kichwa. Sisi wadogo tulijua maana yake: mkwaruzo mmoja, na mahindi yote yanabebwa kichwani.

Basi lile gari la kuruka likatembea mwendo wa matarumbeta, taratibu, likazunguka mnara wa saa, likapanda kuelekea Sakina. Wapita njia walisimama. Muuza karanga alivua kofia. Karibu na nyumbani, likiwa limechoka kwenda polepole, likachemka, likazima. Baba, aliyekuwa nasi kwenye msafara nyuma, akavua koti lake la suti, akalikunja, akaliweka nyuma ya gari ili mikono isichubue rangi, akaanza kusukuma. Tukajazana naye. Mgongo wake ulikuwa wa moto kama chapati, nami nilitamani safari isiishe. Likafika bila mkwaruzo.

Leo magari ya kasi yanapita Sakina na hakuna anayeinua shingo. Hayachemki, hayazimi, hayahitaji mtu. Juzi mwanangu alimuuliza Baba ni gari gani bora alilowahi kuona. Nikajua atasema Landrova.

"Lile jekundu," akajibu.

"Si lilizima, babu?"

"Lilizima," akasema. "Ndiyo maana na mimi nikaligusa."