Antena ya Fimbo za Mapazia

Miaka ile tuliambiwa tufunge mikanda, nayo mikanda yenyewe dukani haikuwepo. Televisheni ilikuwa anasa, huku bara hatukuwa na kituo. Unguja walikuwa nacho, tena cha rangi. Basi mume wangu, karani wa ghala pale Kariakoo na bingwa wa kila kitu, akanunua televisheni kuukuu kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama Mchafukoge, akaapa ataivuta Unguja mpaka sebuleni kwetu.

Haraka yote ilikuwa ya mama mkwe. Binti yake, wifi yangu, alikuwa ametoroka na mpiga fidla wa Unguja, na mama akaapa mbele ya mtaa mzima kwamba hakanyagi mlango wa mwanamume yule mpaka afe. Mwaka wa tatu huo, hawajaonana. Sasa tukapata habari kuwa kikundi cha taarabu cha wifi kitaonyeshwa Jumamosi jioni. Mama mkwe akasema hana haja. Alisema hivyo kutwa mara tano, na kila mara akauliza antena imefika wapi.

Antena ilikuwa imefika kwenye mapazia yangu. Fimbo za alumini aling'oa zote, mapazia ya harusi akayabwaga sakafuni. Kitanda nacho akakichomoa chaga moja, ya upande wangu bila shaka, akazipigilia fimbo juu yake, ndefu nyuma, fupi mbele, kama mifupa ya samaki.

"Hii inasikia upande mmoja tu," akanifundisha.

"Basi mmekutana," nikamwambia.

Jumamosi akapanda juu ya bati, akaielekeza Feri. Unguja si iko baharini? Na bahari si iko Feri? Majirani waliojaa sebuleni, wote mafundi ghafla, wakaafiki. Kwenye kioo chenga tupu. Akageuza kulia kidogo, chenga. Kushoto, chenga zenye kelele.

Mama mkwe alikuwa uani anaswali Magharibi. Alipotoa salamu akapaza sauti palepale kwenye mkeka: "Nyie wasomi! Nilipokwenda Unguja kwenye msiba wa dada yangu niliswali botini. Kibla ilikuwa mbele, kulekule boti inakoelekea. Geuzeni huku ninakotazama mimi!"

Mume wangu akaanza kueleza habari za mawimbi.

"Geuza, bwana!" nikamfokea.

Akageuza. Chenga zikapungua, fidla ikalia, picha ikatulia. Waimbaji wote wamesimama, isipokuwa wifi. Yeye kakalishwa kwenye kiti pembeni, gauni limetuna mbele. Mimba ya miezi saba, kama si minane. Hakuna aliyetuambia. Nilitaka kulia, lakini majirani walikuwa wanaipigia makofi antena.

Mama mkwe alisimama mlangoni na kanga yake ya kuswalia, akatazama mpaka wimbo ukaisha. Mume wangu akashuka, jasho linamchuruzika, akauliza kama picha inaonekana vizuri.

"Kanikatie tiketi ya boti," mama yake akamwambia. "Ya kesho."