Maji Kwenye Moyo wa Yusufu

Siku yangu ya kwanza kama tabibu katika kituo cha afya nje kidogo ya Tabora, mganga mfawidhi aliipokea shikamoo yangu kwa onyo. "Marahaba. Hapa mtoto akikohoa ni nimonia. Mambo ya chuo yaache chuoni."

"Na asipokuwa na homa?"

Akacheka, akaenda kunywa chai.

Kumbukumbu za kazi huandikwa na wastaafu. Mimi bado kijana, lakini kituo kile nimeshakiaga, na nina la kusema.

Bi Mwajuma, muuza vitenge wa mjini, akiwa na mkwewe, alimleta mjukuu wake Yusufu, mtoto wa miezi saba. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, na wiki chache nyuma lilikuwa limezibwa Dar es Salaam. Sasa alikohoa, alihema haraka haraka, na ziwa alilikataa.

"Kimeo hicho, kimerefuka," alisema bibi. "Fundi wa kukikata yuko Kigwa. Tukitoka hapa ni kwake."

"Bibi, mkikikata, vijidudu vitaingia kwenye damu hadi kwenye moyo uliotoka kushonwa."

"Baba yake alikatwa. Si huyo anaendesha lori?"

"Baba yake hakupasuliwa moyo."

Mfawidhi alichungulia. "Nimonia. Mchome sindano, aende."

Nilimpima upya. Homa hakuna. Ini limevimba. Mapigo ya moyo yalisikika kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango uliozibwa kwa godoro. Baada ya upasuaji wa moyo, hata wiki kadhaa baadaye, maji huweza kujikusanya kwenye mfuko unaouzunguka. Yakizidi, moyo unabanwa, unakosa nafasi ya kujaa damu. Niliwapigia simu waliompasua. Wakasema apigwe ultrasaundi siku hiyo hiyo.

"Gari la wagonjwa halitoki bila idhini yangu," alisema mfawidhi.

"Basi idhinisha. Au mwambie bibi huyu kwa mdomo wako kwamba umekataa."

Bi Mwajuma akamkazia macho. "Sema, baba. Nakusikiliza."

Gari lilitoka. Hospitali ya mkoa waliyavuta maji kwa sindano, na kabla ya magharibi Yusufu alishika ziwa.

Wiki iliyofuata mfawidhi aliitisha kikao, akanitaka niombe radhi mbele ya wafanyakazi wote kwa kumvunjia heshima. Nilisimama. Nikawaeleza dalili za maji kwenye moyo wa mtoto aliyepasuliwa, moja baada ya nyingine, taratibu, ili kila mmoja azishike. Kisha nikakaa.