Mahgonj Apokea Hali

Usiku ule Mahgonj hakufumba jicho. Mwanawe Pirdad alikuwa ameshuka na kondoo kupitia bonde la Mula kuelekea malisho ya Kachhi, na mafuriko yalikuwa yamepita bondeni humo. Jirani yake Sharatun alikaa naye akichochea moto na kuulaani moshi.

Alfajiri mlango ukabishwa. Alikuwa Sanjar, wa kabila la Rind, viatu vimejaa tope. Mahgonj akamwingiza, akarudisha komeo kuzuia baridi, akamtandikia zulia na kumpa maziwa.

"Nani anapokea hali?" Sanjar aliuliza kwa Kibaluchi.

"Mimi," Mahgonj akajibu kwa Kibaluchi hichohicho, ingawa nyumbani mwake husemwa Kibrahui. Kupokea hali ni kazi ya mwanamume wa nyumba, lakini mumewe alikufa katika vita vya Khan wa Kalat. Mwanamume mwingine hamna.

Sharatun akamfinya. "Muulizie mtoto kwanza, we mwanamke!"

"Nyamaza, shoga. Hapa ni kwa Wazehri, na kabila letu haliruki desturi."

Hali, yaani habari ambazo mwenyeji humuuliza mgeni kabla ya mazungumzo mengine, ina mpangilio: njia, mvua, malisho, mifugo, wazee, ndipo watu wengine. Anayeruka amekiri kwamba hofu imemshinda. Baba yake Mahgonj aliwahi kumpokea mjumbe wa vita anayevuja damu, na hakuruka kitu. Warind wangeenda kusema nini kuhusu bintiye?

"Njia vipi, kaka?"

"Mbovu."

"Mvua?"

"Imenyesha mpaka tumeichukia."

"Malisho?"

"Yamefunikwa na tope."

"Mifugo?"

"Kondoo wenu kumi na wanane wamesombwa."

Mahgonj akaificha mikono yake chini ya shela. "Wazee wenu wazima?"

"Wazima. Bado wanagombania kisima kilekile."

Sharatun akacheka huku machozi yakimtoka.

"Na watu?"

Sanjar akaweka bakuli chini. "Mwanao alirudi majini kuokoa kondoo wetu, mama. Wetu, si wenu. Amevunjika mguu. Tumeufunga vijiti, tukampakia ngamia. Mimi nimetangulia, yeye anakuja kwa mwendo wa bibi harusi."

Mahgonj akashusha pumzi. Lakini mwenyeji naye ana hali yake ya kutoa, kwa hiyo akaanza: baridi, ngano, waliozaliwa, waliofariki. Nje ngamia akanguruma. Mahgonj hakuinuka.

"Mama!" sauti ya Pirdad ikaita. "Nani kapokea hali?"

"Yeye mwenyewe!" Sharatun akapaza sauti. "Hakuruka hata mvua!"

Warind waliokuwa nje wakashangilia. Mahgonj akamalizia habari iliyobaki, ya ndoa, taratibu, kisha akainuka, akatoa komeo, akafungua mlango.