Siku Daktari Alipoosha kwa Maji

Kwa miaka miwili nilihangaika na mabaki ya pamba katika maabara ya chuo kimoja huku Mwanza. Nilikuwa nayabeba kwenye viroba kutoka kiwanda cha kuchambulia pamba kule kwetu Misungwi, ule unyoya mfupi usio na mnunuzi. Wenzangu walinicheka. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Baba alikuwa na kidonda cha sukari mguuni, na kila tulipobadilisha bandeji, kitambaa kilichokauka kiling'oka na nyama changa. Sikuwahi kumwona baba akilia, ila kwenye ile bandeji.

Pamba karibu yote ni selulosi. Ukiilowesha kwenye kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni, kisha ukaitia asidi maalumu ndani ya spiriti, inabadilika tabia. Kwa macho utaona nyuzi nyeupe zilezile. Lakini pamba ya kawaida haiyeyuki kwenye maji, na hii ikiguswa na maji inavimba na kuwa ute mzito kama mlenda. Ute huo unakiacha kidonda na unyevu, bandeji haigandi, na ukiuchanganya na dawa ya kuua vijidudu, unaiachia kidogo kidogo. Siku nilipokuta duara safi, lisilo na kijidudu hata kimoja, limezunguka tone langu kwenye kisahani cha vijidudu, niliruka peke yangu. Baba alikuwa amezikwa miezi mitatu kabla.

Mkuu wa maabara, mtu mzima mwenye shahada za ughaibuni, alikuja kutazama.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Kazi nzuri, binti. Nipe daftari lako nilisome."

Nikampa kwa furaha. Wiki chache baadaye niliikuta ripoti yake kwa katibu muhtasi. Picha ya kisahani changu ilikuwamo. Baba yangu naye alikuwamo, ameitwa "mgonjwa mmoja wa Misungwi". Jina langu halikuwamo popote.

Nikamfuata ofisini. Hakuinua hata macho.

"Wewe ni fundi wa maabara. Majina ya mafundi hayaandikwi. Umewahi kuona jina la mpishi kwenye kadi ya harusi?"

Nilitoka nikarudi kwenye meza yangu. Sikumwambia mtu. Ila nilikumbuka kwamba kwenye daftari, hatua ya mwisho ya kuziosha nyuzi ili kuondoa kemikali, niliandika tu "osha mara tatu". Sikutaja kuwa ni kwa spiriti, maana daftari lilikuwa langu na mimi nilijua.

Wageni wa kufadhili mradi walipokaribia kuja, alitaka afanye hatua za mwisho mwenyewe mbele yao. Aliniita.

"Kuna kitu chochote natakiwa kujua?"

"Hakuna, Daktari. Yote yamo kwenye daftari."

Siku hiyo alivaa koti jeupe jipya. Alieleza vizuri, wageni wakaitikia kwa vichwa. Kisha akachukua jagi la maji na kumimina kwenye chujio. Nilihesabu pumzi zangu. Zile nyuzi zilivimba, zikaziba chujio, zikageuka ute uliomwagika mezani na kuning'inia kwenye mikono ya lile koti. Kadiri alivyoongeza maji, ndivyo ulivyozidi.

"Binti, njoo urekebishe."

"Samahani, Daktari. Mimi ni fundi tu."

Mama mmoja mfamasia kati ya wageni akamuuliza Daktari, "Kwani ulitakiwa kuosha kwa kitu gani?"

Daktari akaanza kufuta ute kwenye koti. Yule mama akanigeukia mimi.

"Kwa spiriti, mama," nikasema. "Na muulize Daktari, yule mgonjwa wa Misungwi kwenye ripoti yake alikuwa na kidonda mguu gani."

Daktari akafungua ripoti, akapekua, akaifunga.

"Wa kulia," nikasema. "Ni baba yangu."

Wageni waliondoka bila kuahidi chochote, na kazi ikalala karibu mwaka mzima. Kisha yule mama akanichukua kwenye maabara yake, na ripoti iliyofuata ilianza na jina langu. Daktari aliomba uhamisho. Nimemwona mara moja tu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi Igoma. Alijifanya anasoma maandishi ya kopo la rangi mpaka nilipotoka. Nilichelewa kutoka makusudi.

Muuguzi mmoja aliyekuwa akiusubiri ule ute aliwahi kuniuliza kwa nini umechelewa hivyo. Nikamjibu kwamba kulikuwa na matatizo ya kiufundi. Najua wapo waliong'olewa bandeji kavu mwaka ule wote kwa sababu mimi nilinyamaza. Hilo linanisumbua. Lakini nikilikumbuka lile koti, bado nacheka.