Ujumbe Uliopigwa Muhuri

Nilirudi Mwanza na diploma ya uchunguzi wa vifaa vya kielektroniki. Ada yake nililipa mwenyewe kwa kuosha masufuria ya watu ughaibuni. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Wakili mmoja wa Nyamagana akaniajiri, na kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kurekebisha printa.

Ofisi ile iliabudu karatasi. Karani wake, mzee mwenye mihuri mitatu, aliamini kwamba kitu kisichogongwa muhuri hakijatokea duniani.

Ndipo akaja mjane kutoka Usagara. Shemeji yake alikuwa amekalia hati ya kiwanja alichoacha marehemu, na sasa anatafuta mteja wa kumuuzia. Mama yule alikuwa na silaha moja tu: ujumbe wa WhatsApp ambao shemeji aliuandika enzi wakipatana, akikiri kiwanja ni cha nani. Bila huo, yeye na wanawe wangehama.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Niliporudi kutoka kununua wino wa printa nikakuta karani ameuchapa ujumbe upya, ameunyoosha, ameupiga muhuri.

“Shikamoo mzee. Si ungeniachia niutoe wenyewe kwenye simu?”

“Marahaba, msomi wa ng'ambo. Huu umekaa vizuri zaidi. Nimeondoa upuuzi wote. Baraza la ardhi si kilabu cha pombe.”

Upuuzi aliouondoa ulikuwa utani wa shemeji. Mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa, hajui kwamba shemeji asiyekutania ana neno na wewe! Wakili alimsikiliza karani. Diploma yangu ilikuwa ukutani, juu ya printa.

Jumanne barazani shemeji akaisoma ile karatasi, akatabasamu. “Mheshimiwa mwenyekiti, mimi siandiki hivi.” Siku nzima ile hakusema kweli nyingine. Mwenyekiti akaomba simu. Mama akaitoa, akatafuta, kisha akamtazama karani.

“Mzee wa ofisini aliniambia nikishachapiwa nifute. Ati wapinzani wasije wakauiba.”

Nikamgeukia karani. “Nakala si ipo?” akaninong'oneza. “Ina muhuri.”

Mwenyekiti aliikataa karatasi, akatupatia wiki mbili tulete ujumbe wenyewe. Nje, wakili alianza kumweleza mama kuhusu mapenzi ya Mungu. Nikamwomba mama simu yake. Simu ya aina ile hujiwekea nakala ya mazungumzo kila siku, huzitunza kwa siku saba, kisha huitupa ya zamani zaidi. Nakala ya alfajiri ya Alhamisi, kabla karani hajatia mkono wake, ilikuwa inakaribia kutupwa. Niliihamisha siku ile ile mbele ya mama na wakili, nikiandika kila hatua na saa yake, kwa kuwa ushahidi usiojulikana umepita mikononi mwa nani ni umbeya tu. Wanasheria wenye majoho walinizunguka kama wanamtazama mganga. Sikuwafukuza. Waone.

Wiki mbili baadaye nilikula kiapo, nikausoma ujumbe kama ulivyo: “We mke wangu, acha kulia utazeeka nikuache. Kiwanja ni chako na wanao, hati naitunza mimi isiliwe na mchwa.”

Baraza zima likaangua kicheko. Kila aliyemjua alisikia sauti yake mle ndani. Shemeji akashika kichwa, akaacha kukana. Mama akapewa haki yake, na karani, sijui kwa ushujaa gani, akaigonga muhuri taarifa yangu.

Shemeji alileta hati ofisini imefungwa kwenye mfuko wa sukari. Hata hapo hakuacha mazoea.

“Haya, mke wangu, chukua. Mchwa hawajaigusa.”

Mama aliikagua ukurasa kwa ukurasa, akaitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

“Mkeo nani?” akasema. “Kaoe mchwa.”